Mkono Uliobaki

Kijana wa steshenari aliikuza picha kwenye kompyuta, akasogeza mshale mpaka begani kwa Baba, kisha akanigeukia. "Dada, huu mkono niufute? Dakika mbili tu, hakuna atakayejua kulikuwa na mtu hapa."

Binti yangu, aliyekuwa ameegemea kaunta akila ubuyu, akadakia: "Kwani ni wa nani?"

"Wa babu yako mdogo."

"Sasa mbona hana mwili?"

Nikamwambia kijana asiguse kitu, nitampigia simu. Tukatoka. Njia nzima sikuwa nawaza jubilei ya wazazi, nilikuwa nawaza Ravenna, mji wa Italia.

Picha yenyewe ni ile ya harusi yao, 1975, tunayotaka kuitundika ukumbini Jumamosi ijayo. Mama na shela, Baba na suti yake ya kijivu, na ubavuni kwa Baba karatasi imekatwa wima kwa wembe, imenyooka kama imepigwa rula. Aliyekata ni Babu. Alikuwa anamwondoa mpambe wa bwana harusi, mdogo wake Baba. Lakini mpambe alikuwa amemshika kaka yake begani, na mkono ule usingetoka bila kutoka na bega. Kwa hiyo umebaki: vidole vinne, kifundo, na saa inayong'aa.

Kosa la Baba Mdogo lilikuwa moja. Mwaka 1981 alihama kanisa, akashuka mtoni akabatizwa upya, maji mengi. Babu alikuwa mzee wa kanisa, na kwake ubatizo wa pili ulikuwa tusi kwa ule wa kwanza, aliousimamia mwenyewe na mtoto mikononi. Jina likaacha kutajwa mezani. Baba Mdogo akaenda zake Mwanza, akafia huko 1999, na habari zilitufikia kaburi likiwa limeshafukiwa.

Mimi nilikulia ndani ya kimya hicho na sikuwahi kukiuliza swali. Mpaka Februari ile ya mwaka wangu wa Bologna, hukohuko Italia.

Nilipanda treni ya asubuhi kwa sababu ya upweke tu. Ukungu ulikuwa umelala mashambani, dirishani hakuna kitu, weupe mtupu kwa zaidi ya saa nzima. Ravenna niliijua kwa mistari michache ya darasani: mji uliozungukwa na mabwawa, ambao makaisari wa Roma ya Magharibi waliukimbilia mwaka 402 kwa usalama wake, na ambao baadaye, kuanzia 493, ukawa makao ya Theodoric, mfalme wa Wagoti wa Mashariki.

Theodoric na Wagoti wake walikuwa Wakristo, ila wa mkondo wa Waario. Padri Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana alizaliwa na Baba, hivyo hawezi kulingana naye katika umilele. Mtaguso wa Nisea wa 325 ulilikataa fundisho hilo, lakini Wagoti walikuwa wameipokea Injili kwa mikono ya watu waliolishika. Basi Ravenna ikawa na maaskofu wawili, mmoja wa Waario na mmoja wa Wakatoliki, makanisa ya aina mbili, na mahali pawili pa kubatizia. Niliingia pote pawili asubuhi ile. Ukiinua kichwa unaona kitu kilekile darini: Yesu amesimama katika Yordani, maji kiunoni, Yohane pembeni, njiwa juu, mitume 12 wamezunguka, na mzee mmoja mwenye ndevu ambaye ndiye mto wenyewe, umechorwa kama mtu. Dari moja ya hawa, dari nyingine ya wale. Nilisimama chini ya ile ya Waario nikamkumbuka Baba Mdogo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Angeonyesha kwa kidole: unaona? Maji mengi.

Kisha nikaenda Sant'Apollinare Nuovo.

Kanisa hili Theodoric alilijenga mwanzoni mwa karne ya 6, jirani na ikulu yake, akaliweka wakfu kwa Kristo Mkombozi. Ni refu, na kuta zake mbili zimevikwa mozaiki kutoka mlangoni hadi karibu na altare: vipande vidogo vya kioo, vingine vikiwa na jani la dhahabu ndani, vimepachikwa kimoja kimoja kwa vidole vya watu. Kushoto wanapita mabikira 22 nyuma ya Mamajusi. Kulia wanapita wafiadini 26, wamevaa meupe. Anayewaongoza amevaa zambarau, ndiye Martin wa Tours.

Nilitembea polepole, naangalia nyuso. Nilikuwa peke yangu na mama mmoja mlinzi, amejifunga skafu mbili, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Niliporudi kuelekea kwake akaniuliza kama nimeiona mikono. Sikumwelewa. Akainuka kwa taabu, akanivuta kiwiko mpaka chini ya ukuta wa kulia, akanyoosha kidole.

Pale juu kuna jengo la ikulu. Juu yake limeandikwa PALATIUM. Nguzo nyeupe, matao, na katikati ya nguzo mapazia meupe yamefungwa fundo. Hakuna mtu. Nilikuwa nimeshapita pale nikaona ni jengo tupu. "Nguzo," akasema yule mama. "Usiangalie mapazia. Angalia nguzo."

Ndipo nikaiona. Juu ya nguzo mojawapo, kwenye weupe wa marumaru, kuna mkono. Mkono na sehemu ya chini ya kigasha, umekatikia pale pazia linapoanzia. Halafu mwingine, kwenye nguzo nyingine. Vidole vimefunguka, kama mtu aliyeinua mkono kusalimu umati ulioko barabarani, halafu akaondolewa nyuma ya mkono wake mwenyewe.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua shingo iliniuma, na najua yule mama aliniachia kiwiko akarudi kwenye kiti chake. Nilikuwa naangalia ule mkono wa kwanza, ncha za vidole, ule mstari ulionyooka ambapo nyama inaisha na pazia linaanza. Mstari wa wembe. Nikahisi harufu ya albamu ya nyumbani, ile harufu ya kabati la Bibi, naftalini na karatasi nzee, katikati ya kanisa la Italia lenye baridi.

Mambo yalikwenda hivi. Theodoric alifariki 526. Mwaka 540 Belisarius, jemadari wa Kaisari Justinian wa Roma ya Mashariki, aliutwaa mji. Miaka ya 560 hivi makanisa ya Waario yakakabidhiwa Wakatoliki, na Askofu Agnellus akawaita mafundi. Waliokuwa wamesimama katikati ya nguzo zile, watu wa baraza la Theodoric na pengine mfalme mwenyewe, wakabanduliwa kipande kwa kipande, yakawekwa mapazia. Kanisa likapewa jina la Martin, aliyesifika kwa kupambana na wazushi. Hili la Apollinare lilikuja katika karne ya 9.

Mikono ilibaki kwa sababu ilikuwa imepita mbele ya nguzo. Kuiondoa kungedai kuzijenga upya nguzo. Wapo wasomi wanaosema iliachwa kwa makusudi, ili kila anayeingia ajue kuna waliofutwa. Mimi kila nikiwaza namwona fundi juu ya jukwaa, jioni, patasi mkononi. Huenda alichoka. Huenda alikuwa amebatizwa chini ya ile dari nyingine.

Kilichoniumiza zaidi kiko juu ya madirisha. Huko kuna visa 26 vya maisha ya Yesu, vyote vya wakati wa Theodoric: samaki wakubwa kwenye meza ya Karamu ya Mwisho, Yuda anambusu, Petro anakana. Nilitafuta Uario humo, nikaangalia kimoja baada ya kingine mpaka mwanga ukaanza kupungua. Sikuuona. Nadhani Agnellus naye hakuuona, maana hakuvigusa. Yesu wao alikuwa yuleyule. Waliotolewa ni watu.

Niliporudi Bologna usiku niliandika barua kwa Babu, kurasa nne. Sikuituma. Alikufa mwaka uliofuata, na barua ninayo.

Kijana wa steshenari ameshatuma ujumbe mara mbili. Jana jioni nikajikaza, nikampigia Baba. Nikamwambia kuhusu picha, ukubwa, fremu, bei. Halafu nikamwambia kuhusu mkono, na kwamba kijana anataka kuufuta.

"Kumbe bado upo?" akasema.

"Upo, Baba. Begani kwako."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake, na kuku uani. Miaka 44 na hatujawahi kufika hapa, mimi na yeye.

"Una saa?"

"Unayo. Ina mkanda wa chuma."

"Ile saa ni yangu," akasema. "Hakuwa nayo. Nilimvalisha mimi asubuhi ile, kabla hatujatoka."