Foleni ya Uyole hadi Mbalizi: jinsi ya kuisikiliza redio asubuhi

Dar es Salaam mtangazaji akisema barabara fulani imefunga, dereva anakata kona, anatokea kwingine. Mbeya kona hiyo haipo. Uyole, Nane Nane, Sae, Soweto, Mafiati hadi Iyunga na Mbalizi, lami kubwa ni hiyo hiyo moja, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Tunduma. Bajaji na bodaboda hupenya njia za ndani za Itezi, Isyesye na Ilomba, lakini mvua za masika zikishika, udongo ule haumsaidii mwenye Hiace. Kwa hiyo taarifa ya foleni redioni kwa mtu wa Mbeya kazi yake ni kumwambia atoke saa ngapi, au ashukie wapi amalizie kwa miguu. Ukiisikiliza ukitafuta njia mbadala, utasema haina faida. Ukiisikiliza ukitafuta muda, inafaa sana.

Kuna mambo matatu ya kukamata katika taarifa yenyewe: imetoka saa ngapi, ni upande gani, na gari lililoziba ni la aina gani.

Saa kwanza. Msikilizaji anapiga simu saa 12:40, mtangazaji anaisoma, kisha inarudiwa kwenye muhtasari wa saa 1:00 kana kwamba imetoka sasa hivi. Wewe unayewasha redio saa 1:00 unapewa hali ya dakika 20 zilizopita. Kama muda haukutajwa, ichukulie kuwa ya zamani. Tena ukimya usikudanganye. Sehemu zenye vijiwe vya bodaboda, kama Kabwe au Mafiati, hupigiwa simu nyingi. Kipande cha mteremko wa Iwambi, kati ya Iyunga na Mbalizi, hakina mtu wa kupiga simu mpaka daladala lenye abiria likwame pale.

Upande nao una mtego wake. "Foleni ya kuja mjini" ni maneno yanayosikika kila siku, na hayakamiliki. Anayetoka Uyole anakuja mjini, anayetoka Mbalizi naye anakuja mjini. Subiri majina mawili ya vituo, pa kutoka na pa kwenda. Ukisikia jina moja tu, bado hujui.

Aina ya gari ndiyo yenye maana kubwa kuliko yote, kwa sababu inakuambia kama usubiri dakika au masaa. Gari dogo na daladala zikigusana, zinasimama zikimsubiri trafiki aje kupima. Akishapima zinasukumwa pembeni na njia inafunguka. Lori lililoharibika mlimani ni habari nyingine. Klachi ikiungua au ekseli ikikatika, lori lenye mzigo halisukumwi na watu. Fundi anaingia uvunguni palepale, na magari yanapita kwa zamu upande mmoja. Lori lililolala ubavu ni zito zaidi, maana mara nyingi mzigo lazima ufaulishwe kwenye gari jingine kabla winchi haijalivuta. Na likiwa lori la mafuta, barabara hufungwa pande zote mpaka zimamoto wajiridhishe. Ukisikia "tenki limelala", usitoke nyumbani kwa matumaini. Piga simu kazini, sema utachelewa.

Wengi huuliza kwa nini malori yanafeli breki kwenye miteremko ileile kila mara. Dereva akishuka mteremko mrefu kwa gia kubwa, anategemea breki za miguu peke yake. Ngoma zinapata moto, breki zinapoteza nguvu ya kushika, na wakati huo gia ndogo haiingii tena. Inatakiwa ateremke kwa gia aliyoichagua akiwa bado juu, injini ndiyo ishike gari. Ukungu na lami yenye utelezi huongeza balaa.

Neno linalopoteza watu kuliko yote ni "njia imefunguliwa". Maana yake kichwa cha foleni kimeanza kutembea. Mkia bado. Chukua hesabu hii: semi moja ina urefu wa mita 18 hivi, ongeza nafasi ya mita 4 mbele yake, kilomita moja inameza malori kama 45. Kwenye mpando, likiwa na mzigo, kila moja linaondoka na gia ya kwanza. Tuseme linamfuata mwenzake baada ya sekunde 10. Hapo ni dakika 7 na nusu kwa kila kilomita. Foleni ya kilomita 3 iliyofunguliwa saa 1:30, aliye mwisho wa mkia ataanza kusogea karibu saa 1:52. Kama wanapita kwa zamu, zidisha mara mbili. Hayo bila kuhesabu mjanja anayechomoka kwenye mstari na kuziba upande wa wanaokuja, jambo ambalo huifufua foleni iliyokuwa inakwisha.

Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, nao umeleta mambo yake. Michepuko huhamishwa, na taarifa ya "pita kushoto" ya wiki iliyopita haina kazi leo.

Sasa redio yenyewe. Noah, IST na Hiace nyingi zimetoka Japani, na redio zake za zamani zinashika FM ya 76 hadi 90 tu, wakati stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108. Ndiyo maana fundi huweka ekspanda, kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa. Ya kushusha 12 inaileta stesheni ya 98.5 kwenye 86.5. Lakini piga hesabu: 90 ukijumlisha 12 ni 102, kwa hiyo stesheni iliyo juu ya 102 hutaipata hata uzungushe vipi. Suluhisho la kudumu ni kubadilisha redio. Waya mwekundu wa ekspanda uungwe kwenye umeme unaowaka pamoja na redio, usiungwe moja kwa moja kwenye betri. Mweusi ugusane na bodi kwenye chuma kitupu. Ukifungwa juu ya rangi, utasikia mlio wa mikwaruzo na utailaumu stesheni bure.

Mwenye simu akumbuke kwamba waya wa earphone ndio antena, usiukunje mfukoni. FM haipindi milima: ukishavuka Kawetere kwenda Chunya, au ukishaingia vilima vya Isyonje kwenda Tukuyu, sauti inakatika. Sikiliza kabla hujaondoka.

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula kwenye njia ya Dar, ni tofauti kidogo, kwa sababu pale njia mbadala ipo ila iko mbali. Anayetoka Dar anaweza kupitia Dodoma na Mtera hadi Iringa, lakini uamuzi huo hufanyika Morogoro. Akishapita Mikumi amechelewa. Bora asimame Ruaha Mbuyuni, penye chakula na pa kuegesha, kuliko kwenda kujipanga nyuma ya malori kwenye mpando. Anayeshuka kutoka juu aamue akiwa Iringa mjini, au asubiri Ilula.

Ukipiga simu studio, apige abiria au konda, dereva aache. Punguza salamu. Sema hivi: "Saa 1:10. Iwambi, wanaoshuka kutoka Iyunga kwenda Mbalizi. Semi imelala ubavu, upande mmoja umezibwa, magari yanapita kwa zamu." Sekunde 15 zimetosha. Kama kuna majeruhi au moto, kwanza polisi 112 au zimamoto 114, redio baadaye. Na njia ikifunguka, piga tena. Simu hiyo ya pili ndiyo inayokosekana kila asubuhi, na wapo watu wamekaa Uyole wakisubiri foleni iliyokwisha saa nzima iliyopita.