Tulivyowapeleka watoto wadogo Ziwa Mburo

Binti yetu alikuwa na umri wa miaka saba na mdogo wake alikuwa ametimiza mitatu tulipoamua kuwapeleka mbugani wakati wa likizo. Mjomba wangu alituhimiza twende Bwindi tukaone sokwe wakubwa wa milimani, naye akasahau kwamba asiyefikisha miaka 15 haruhusiwi kuwafuata msituni. Murchison nako kungetutaka tusafiri takriban kilomita 300 kutoka Kampala, kisha tuzunguke tena kwa muda mrefu ndani ya hifadhi yenyewe. Tukachagua Ziwa Mburo, hifadhi ndogo ya kilomita za mraba 370 hivi, iliyo kando ya barabara ya Mbarara. Haina tembo, jambo ambalo wengi huliona kasoro. Mimi, niliyekuwa nikifikiria kulala hemani na mtoto wa miaka mitatu, niliona ni nafuu.

Kilichotufaa kuliko yote ni kupanga saa ya kuingia. Kiingilio hudumu kwa saa 24, kwa hiyo anayeingia asubuhi na kulala ndani hulazimika kutoka asubuhi inayofuata, wakati ambapo wanyama bado wako nje wakila. Sisi tuliondoka Kampala saa nne, msongamano wa magari ulipopungua, tukasimama Kayabwe kwenye mstari wa ikweta watoto warukeruke kati ya kaskazini na kusini (yule kijana anayeonyesha eti maji ya beseni huzunguka upande tofauti kila anapovuka mstari ana ufundi wa mikono tu, lakini binti yangu alimwamini kabisa), kisha Lukaya tukanunua gonja, yaani ndizi tamu, za kuchoma. Tulifika lango la hifadhi la Nshara saa tisa alasiri. Hivyo tukapata jioni nzima na asubuhi nzima kwa kiingilio kimoja, na saa za jua kali watoto walizimaliza usingizini barabarani.

Jioni ile nilikosea. Nilitaka tuwaone twiga, waliohamishiwa hapa kutoka Murchison mwaka 2015, nikaendesha kwa zaidi ya saa moja bila kusimama, nikiwapita pundamilia na swala pala kana kwamba ni mbuzi wa jirani. Mdogo akaanza kulia kwamba anataka haja, na sheria haituruhusu kushuka popote tupendapo. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemcheka alipokuwa akipakia ndoo ndogo yenye kifuniko, aliitoa chini ya kiti bila kusema neno. Baadaye ndipo aliposema, “Baba Salma, hawa watoto hawamjui huyo twiga wako. Simamisha gari.”

Nikasimamisha. Mbele yetu palikuwa na ngiri jike na watoto wake watatu, wamepiga magoti ya mbele wakila nyasi fupi, mikia imelegea. Gari liliponguruma kidogo walikurupuka wote kwa pamoja, mikia ikasimama wima kama nyaya za redio. Tulikaa pale dakika arobaini. Nilipowaeleza kwamba swala pala, ambaye kwa Kiganda ni mpala, ndiye aliyeipa Kampala jina lake, binti yangu aliwatazama upya, akauliza kama waliwahi kupita nyumbani kwetu. Nilimjibu kwamba huenda babu zao walipita.

Usiku tulilala kwenye kambi ya Rwonyo, ndani ya chandarua, watoto katikati. Viboko hutoka ziwani usiku kwenda kula nyasi, kwa hiyo tuliwaonya watoto kwamba hakuna kutoka hemani bila mtu mzima, na taa tukaiweka mahali ambapo hata mimi nikiwa na usingizi nisingeikosa. Sauti ya viboko ilikuwa karibu kuliko nilivyotarajia. Mke wangu alilala, mimi sikulala.

Asubuhi tulipanda boti mapema, kabla jua halijapata nguvu. Kabla ya kulipa nilimwomba nahodha atuonyeshe majaketi ya kuokolea yanayowaenea watoto, kwa sababu la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akianguka majini. Alikuwa nayo mawili, moja kamba yake imekatika. Akaenda kuleta jingine bila kununa. Safari ilichukua muda wa karibu saa mbili, na kwa mtoto wa miaka mitatu zile dakika thelathini za mwisho zilikuwa nyingi mno: furukombe alipotua juu ya mti karibu kabisa nasi, yeye alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, gonja iliyobaki mkononi.

Tulitoka langoni saa nane unusu. Twiga hatukumwona. Nje kidogo ya Sanga tulikuta pundamilia wakila pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, na mdogo, aliyekuwa ameamka, akataka kujua ni nani aliyewapaka rangi wale ng'ombe wasio na pembe.