Kuchagua ploteri ndogo: anza na upana wa vinili unayouziwa Goma

Karibu kila anayetafuta ploteri ya kukatia stika huanza na bei. Aanze na futi ya kupimia. Mashini inanunuliwa mara moja, vinili (ile plastiki nyembamba ya gundi inayokatwa stika) inanunuliwa kila juma, na upana usiopatana na mashini unakuachia utepe wa kutupa kwenye kila mita uliyolipia.

Basi nenda mtaa wa Birere, au kwa muuzaji wako popote alipo, upime rola anazouza. Pima vinili yenyewe, si sanduku wala kiini cha kadibodi, maana kiini mara nyingine kinazidi vinili kwa sentimita nzima. Rola nyingi za kutoka China ni sentimita 61 au 122. Oracal ya Ujerumani utaikuta kwenye 63, 100 au 126. Fleksi ya jezi, ile inayobandikwa kwenye kitambaa kwa joto, kwa kawaida ni 50. Vinili za kuchapishia na za kufunika gari zinapanda hadi 137 na 152. Andika pia zipi zinapatikana kila wakati na zipi zinakuja mara moja halafu zinapotea miezi. Hizo za pili usizinunulie mashini.

Ukishapata namba zako, soma maelezo ya ploteri kwa makini, kwa sababu kila mashini ina upana wa aina mbili: ule unaoingia na ule unaokatwa. Wauzaji wanapenda kutangaza mkubwa. Mashini za China zinazoitwa 720 zinapokea vinili ya milimita 720, lakini kisu kinafanya kazi kwenye takriban 630. Roland GS-24 inapokea hadi 700 na kukata 584. Graphtec CE7000-60 inakata 603. Kwa hiyo ukisikia "ploteri ya 72", usipange herufi za sentimita 70.

Hata huo upana wa kukata haupatikani wote. Vinili inashikwa na vigurudumu vya kubana vinavyoikandamiza juu ya mhimili wenye msasa, na kwenye mashini nyingi eneo la kukata ni lile lililo kati ya kigurudumu cha kushoto na cha kulia. Kila kimoja kikae angalau sentimita 1 ndani ya ukingo. Vinili ya 61 inakupa 58 hivi za kazi. Ya 30 inakupa 28.

Sasa inama uangalie huo mhimili, kitu ambacho wanunuzi wengi hawakifanyi. Kwenye baadhi ya mashini msasa ni mmoja mrefu, toka upande hadi upande. Kwenye nyingine umegawanyika vipande, na kati yake chuma ni laini. Kigurudumu kikikaa juu ya chuma laini hakivuti, au upande mmoja unavuta na mwingine unateleza, kisha herufi zinatoka zimepinda. Maana yake kuna upana ambao mashini inaupokea kwa maneno tu. Pima kutoka kipande cha msasa cha mwisho kulia hadi kila kipande cha kushoto, ulinganishe na 61, 50 na 30. Pasipolingana, mashini hiyo si yako hata ikiwa mpya na ya bei nzuri.

Hesabu ya kugawanya rola ndiyo inayoamua mengine. Rola ya 122 inatoa 61 mbili kamili, au nne za 30.5. Ya 126 inatoa 63 mbili: zinaingia kwenye 720 na kwenye Roland ya 700, ila mashini iliyotengenezwa kwa 61 tu itazikataa mpaka uondoe sentimita 2. Ya 100 inatoa 50 mbili. Ya 137 inatoa 68.5 mbili, bado sawa kwa 720. Ya 152 ndiyo sumbufu, maana nusu yake ni 76 na haiingii popote kwenye mashini ndogo. Igawe 61, 61 na 30, au tatu za 50.

Ukiitazama hesabu hiyo utaona kwa nini ploteri ya daraja la 61 hadi 72 inafaa karibu kila kitu kinachouzwa hapa. Kama pesa haifiki, shuka moja kwa moja hadi ya 30. Ile ya katikati, ya milimita 375, sioni faida yake: fleksi ya 50 haiingii, 61 haiingii, na ukiigawa 61 kwa 37.5 unabaki na 23.5. Mwishowe utailisha vipande vya 30 tu, na kisu chake chenyewe kwa kawaida hakifiki upana ulioandikwa.

Kwa walio na mashini ya 30, jambo moja kuhusu fleksi. Wengi wanakata 30.5 kutoka kwenye 50, halafu 19.5 inayobaki inarundikana chini ya meza. Igawe katikati, 25 na 25. Chukua timu ya jezi 15, namba 1 hadi 15: hizo ni tarakimu 21. Zikiwa na urefu wa sentimita 25 na upana wa 11, mbili zinakaa bega kwa bega kwenye utepe wa 25, ukiacha sentimita 1 kila ukingo na 1 katikati. Safu 11 za sentimita 26 zinakula mita 2.86 za utepe, yaani mita 1.43 ya fleksi nzima. Kwa mgawanyo wa 30.5 na 19.5, kila safu inabeba mbili upande mmoja na moja upande wa pili, safu 7, mita 1.82. Karibu sentimita 40 zimepotea kwa kupasua vibaya. Na usisahau kugeuza mchoro kinyume na kuweka upande wa plastiki ya kubebea chini.

Stika za milango ya magari ya mashirika, ule mduara mwekundu wenye bunduki iliyopigwa mstari, zinafanyika vizuri kwenye mashini ya 30 mpaka kipenyo cha 28. Mteja akitaka 35, huna la kufanya ila kuupasua mduara vipande viwili, na kiungo kitaonekana kila gari linapooshwa. Namba za ubavuni za teksibasi na za kofia za waendesha pikipiki hazina shida hiyo. Kazi ya mabango ya maduka ndiyo inayodai 61.

Kugawanya rola ni kazi ya rula ya chuma. Usitie msumeno kwenye rola zima: joto la msuguano linalainisha gundi, kingo zinashikamana, na ukikunjua vinili inachanika. Kunjua mita unazohitaji mezani, karatasi ya nyuma ikiangalia juu, pima pande mbili na katikati, kata kwa kisu kipya. Ukingo uliokatwa kiwandani uwe ndio unaoongoza upande wa kulia wa mashini, na wa kwako uende kushoto. Utepe ukipungua upana kadiri unavyoendelea, kigurudumu kitafika ukingoni na kutoka nje katikati ya kazi.

Kuingiza nako kuna hesabu. Vinili ikikaa mshazari kwa milimita 2 tu katika sentimita 30 za mwanzo, ukifika mita 3 imehama sentimita 2. Peleka vinili mbele na nyuma kwa urefu wote wa kazi kabla ya kukata, ukitazama ukingo. Na ulegeze rola kwanza: acha vinili ya kutosha ikiwa imelala nyuma ya mashini, kwa sababu injini ndogo haina nguvu ya kuvuta rola ya mita 50 kila herufi inapogeuka. Ikivuta, inaruka hatua, na herufi "O" haifungi. Watu wanabadilisha kisu bure hapo.

Vumbi jeusi la mawe ya volkano ni adui wa pekee wa mji wetu. Linajaa kwenye msasa wa mhimili, mshiko unapungua, nawe unazidi kukaza vigurudumu mpaka vinaacha alama kwenye vinili. Sugua msasa kwa mswaki mkavu, bila mafuta, na funika mashini usiku. Msimu wa mvua karatasi ya nyuma inanyonya unyevu na kujiinua kingoni. Vinili nyembamba ya 30 inaathirika mapema kuliko ya 61, kwa hiyo ihifadhi ndani ya mfuko wake, ikiwa imesimama.

Programu nayo inahusu upana kwa namna yake. Mashini nyingi za Cricut zinataka mkeka wa kunata wa 30 kwa vinili ya kawaida. Modeli zake za Explore 3 na Maker 3 zinakata bila mkeka, lakini kwa vinili yake maalumu ya upana wa 33, ambayo si ile ya kupimiwa kwa mita. Tena programu yake kwa sehemu kubwa inategemea intaneti. Silhouette Cameo ya 30 inafanya kazi bila mtandao na inakubali vinili yoyote yenye karatasi nyuma. Mashini za China kwa kawaida zinaunganishwa kupitia COM, yaani mlango wa data wa kompyuta, na programu ya kuchorea kama CorelDRAW au Inkscape hutoa mchoro. Umeme ukikatika, nyingi hupoteza mahali zilipofikia na kazi inaanza upya, ila zinatumia umeme kidogo kiasi kwamba betri na inverta ndogo vinatosha.

Kwa vinili ya kawaida tumia kisu cha digrii 45, kikitokeza kidogo tu, na nguvu ya gramu 80 hadi 100 kama mwanzo. Vinili inayoakisi mwanga inataka cha digrii 60 na nguvu zaidi. Kabla ya kulipa, hakikisha visu vya mashini hiyo vinapatikana Goma au Gisenyi.

Siku ya kununua, beba vipande vitatu vya urefu wa mita 1: 61, 50 na 30. Mwambie muuzaji akate mraba wa sentimita 5 mwanzoni na mwingine mwishoni, katika kila kipande, kisha airudishe vinili mwanzo na kurudia mstari uleule juu ya ule wa kwanza. Mistari ikitengana kwa unene wa ukucha, mwombe ahamishe vigurudumu ajaribu tena. Ikitengana mara ya pili, kunja vipande vyako. Tepu ya kuhamishia, ile ya kuinulia stika iliyokatwa na kuibandika, inunue kwa upana uleule wa kipande unachokata zaidi. Ya 61 inakatwa kwa 30 kirahisi, lakini kuunganisha mbili za 30 kunaacha mikunjo kwenye herufi.