Wanaume wa ghala letu tulivyomvua msimamizi nguvu ya kunyanyasa

Nimechoshwa na ushauri wa "wewe mwanamume usiingilie, wenyewe wataripoti." Niliupata kwa watu ninaowaheshimu, wengine wenye vyeo vikubwa. Lakini pale ghalani ninapofanya kazi, dada zetu walikuwa wameripoti zamani kwamba msimamizi anawanyanyasa kingono. Mmoja aliambiwa alete ushahidi, mwingine akahamishwa kitengo, na aliyewanyanyasa akabaki kwenye kiti chake. Wengine walipoona hivyo wakanyamaza. Sasa anayesema tusubiri waripoti, tusubiri nini tena?

Ushauri mwingine ulitoka kwa kijana mwenzetu mwenye damu moto: msimamizi aaibishwe mbele ya watu. Na kweli alifanya hivyo, bila kumuuliza dada aliyekuwa akimtetea. Alifoka, akapiga meza, kazi ikasimama, kila mtu akageuka kutazama. Kesho yake gumzo halikumhusu msimamizi hata kidogo. Lilimhusu yule dada: kwani ana nini na huyo kijana, mbona anamtetea kiasi kile? Jina lake likazunguka ghala zima kwa jambo ambalo hakulitaka, na wiki iliyofuata hakupangiwa saa za ziada hata siku moja. Kijana alisifiwa ushujaa, dada akapoteza kipato. Ndiyo maana nasema kwa mkazo: kabla ya lolote, mfuate mhusika faraghani, mwambie, "Dada, niliona kilichotokea. Ungependa nifanye nini?" Kisha nyamaza umsikilize.

Nilipowauliza dada zetu, wengi hawakuanza na maneno machafu wala mikono ya msimamizi. Walianza na karatasi ya saa za ziada. Aliipanga yeye peke yake, jioni, ofisini kwake, na aliyetaka siku za ziada alikwenda kumwomba mmojammoja. Mwanamume aliingia, akapewa siku zake, akatoka. Mwanamke aliambiwa afunge mlango.

Basi tukaishika karatasi hiyo. Tulidai orodha ibandikwe ukutani mapema, kila mtu ajiandike kwa mkono wake, majina yapokezane, na badiliko lolote lisainiwe na watu wawili. Barua ilizungumzia haki katika kugawana saa za ziada na si kingine. Dada zetu ndio waliotaka iwe hivyo, na wakasema saini ziwe za wanaume ili wao wasilipiziwe kisasi. Ninaona fahari kubwa juu ya ile barua! Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wazee wa ghala, wale ambao menejimenti isingethubutu kuwapuuza. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, mambo haya yapo tangu zamani." Nikamjibu, "Ndiyo mzee, na tangu zamani wachapakazi wanatuacha," nikamkumbusha wanawake hodari walioondoka ghafla bila kuaga. Aliisoma barua mara ya pili, akasaini. Menejimenti ikakubali upesi, maana haikuwagharimu chochote zaidi ya karatasi na gundi. Tangu hapo hapakuwa tena na sababu ya mtu kuitwa ofisini jioni.

Ikabaki mizaha. Msimamizi alisema juu ya miili ya wanawake pale tu penye wanaume wa kucheka. Tukapatana kwamba hakuna kucheka, na aliye karibu amuulize dada jambo la kazi papo hapo: "Dada, mzigo wa asubuhi umeshauhesabu?" Anapata njia ya kuondoka bila ugomvi, na msemaji anakosa wa kumchekea. Mwanzoni kila mmoja alimtegea mwenzake. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha mwaka 1968 jaribio ambalo watu walisikia mtu akipatwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, 85% walitafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, walifanya hivyo 31% tu. Tukaacha kutegemea kundi. Kila zamu ilikuwa na mtu mmoja anayejua kwamba leo ni yeye.

Pia tuliandika: tarehe, saa, mahali, maneno yaleyale yaliyotamkwa, na waliokuwepo. Usiandike maoni yako humo, yatakuharibia. Daftari ni la mhusika, na uamuzi wa kulitumia ni wake. Dada mmoja aliamua kushitaki, sisi tukasimama mashahidi, na msimamizi akaondolewa kwenye cheo.

Wenzetu kadhaa waliogopa kufukuzwa, na woga huo siudharau. Niliwaonyesha Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Kifungu cha 10 kinataka walindwe dhidi ya kisasi si walalamikaji tu, bali mashahidi pia. Unazibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo angalia kwanza kama yenu imo. Mkataba huohuo unahesabu hata tukio la mara moja kuwa unyanyasaji, na unayataja madhara ya kiuchumi pamoja na ya mwili, ya akili na ya kingono. Ile karatasi ya saa za ziada inaingia humo moja kwa moja.

Kifungu cha 3 kinafika hadi safari ya kwenda kazini na kurudi, na hapo ndipo tulipo sasa. Wanawake wa zamu ya usiku wanasumbuliwa njiani, nasi tunadai usafiri. Menejimenti inasema wajibu wake unaishia getini. Barua ya pili imeshapelekwa, na safari hii majina ya wanawake ndiyo yaliyotangulia, kwa kutaka kwao wenyewe.