Chura wa Amani hana kiluwiluwi

Lami tuliiacha Muheza. Tangu hapo Kosta ilipanda kwa gia ndogo, wanafunzi 22 wa mwaka wa pili wa baiolojia wamebanana na mabegi yao, machungwa tuliyonunua stendi yanabiringika miguuni kila dereva akikata kona. Sijapata kuichoka njia hii. Sigi, chini kule, kuna joto na harufu ya karafuu iliyoanikwa uani. Ukifika Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, na wale waliokuwa wakijipepea kwa madaftari wanatafuta masweta.

Amani ni mahali pa kazi pa wanasayansi tangu 1902, Wajerumani walipoanzisha hapa bustani ya mimea. Msitu wenyewe ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Hayo niliwaambia ndani ya gari, yakaisha. Sikuwaleta huku wasikilize historia.

Nilipoanza kufundisha tulikuwa tunakaa fildi siku kumi. Mwaka huu nimepewa nne. Kila bajeti ikibana, fildi ndiyo inayokatwa kwanza, na hilo linaniuma, kwa sababu najua kinachopotea.

Asubuhi ya kwanza kila mmoja nilimpa kamba ya mita nne. Aitandaze chini iwe mraba wa mita moja, akae pembeni yake saa nzima, aandike anachokiona. Simu zote kwenye begi langu. Penseli, si kalamu ya wino, maana mvua ya Usambara haibishi hodi. Wawili hawakunisikia, na kufikia saa tano kurasa zao zilikuwa madoa ya bluu.

Dakika kumi hazijapita, binti anayeongoza darasa kwa alama akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, hapa kwangu hakuna kitu. Majani makavu tu."

"Majani ya aina ngapi?"

Akainama kuhesabu. La kwanza, la pili, la tatu lenye matundu ya wadudu. Alipofika la saba, jani likanyanyua mguu. Alikuwa kinyonga kibete, urefu wake hauzidi kidole gumba, rangi ya udongo, mistari ubavuni kama mishipa ya jani lililokauka, mkia mfupi kama kikonyo. Anatembea kwa kuyumba mbele na nyuma, kama jani linalotikiswa na upepo. Binti yule amekulia nyumba ambamo kinyonga ni nuksi, alinieleza baadaye. Lakini hakuinuka. Saa ilipokwisha nikapiga filimbi, akaniomba robo saa nyingine. Daftari lake lilikuwa na kurasa nne.

Mchana mzee anayetuongoza njia alitusimamisha chini ya mti mrefu wa maesopsis. Juu hondohondo walikuwa wakila matunda, mabawa yao yakivuma kama mtu anayetikisa turubai. Mti huu si wa hapa, uliletwa na kupandwa. Ndege wanameza tunda, wanaruka, wanadondosha mbegu ndani kabisa ya msitu. Mzee akaonyesha miche miguuni petu: mmoja, mwingine, mwingine tena. "Hondohondo ndiye bwana shamba wake," akasema. Mimi sura nzima ya mimea vamizi huifundisha kwa wiki mbili.

Tulichokifuata hasa kilikuwa cha usiku. Saa mbili tukashuka kwenye kijito nyuma ya nyumba za wageni, tochi mkononi. Mzee akasema, "Wanangu, zimeni taa kwanza. Sikilizeni." Giza likatufunika. Kisha, kutoka vichakani, mlio mwembamba kama mtu anayegonga glasi kwa ncha ya kisu. Ting. Kimya. Ting.

Dakika ishirini tulimtafuta. Tulimkuta juu ya jani, usawa wa magoti yangu: chura mdogo wa kahawia, anaenea juu ya sarafu. Kwenye jani la jirani alikuwepo jike, tumbo limemjaa mpaka ngozi imekaza.

Nikawauliza atataga wapi. Wakajibu kwa pamoja: majini! Ule mchoro kila mmoja wetu aliuchora shule ya msingi, mayai, kiluwiluwi, chura, mishale ikizunguka.

"Huyu hatagi," nikasema. "Anazaa."

Kimya kilichofuata ndicho ninachokifanyia kazi mwaka mzima. Huyu ni Nectophrynoides tornieri. Mayai yanabaki tumboni mwa mama, watoto wanakua humo kwa kiini cha yai, wanatoka wakiwa vyura kamili wenye miguu minne. Jina lake linamkumbuka Gustav Tornier, Mjerumani aliyeandika mwaka 1905 juu ya vyura wanaozaa wa nchi hii. Ni ndugu wa chura wa Kihansi, yule aliyetoweka porini kwake na kulelewa Marekani kabla ya kurudishwa. Jina la Kihansi wote walilijua, kwa habari za redio. Kwamba ukoo wake uko hapa, juu ya jani wanaloweza kuligusa, hawakulijua.

Kijana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu Segera akachuchumaa. "Sasa mwalimu, mbegu za dume zinaingiaje kama hakuna maji?"

Swali hilo halijawahi kuulizwa kwenye ukumbi wangu wa mihadhara. Tulilijadili pale pale, tochi zikielekea chini ili tusimsumbue jike, mpaka mvua ikaanza. Mzee akasema turudi. Nilipohesabu watu mlangoni walikuwa 19. Watatu walibaki kijitoni, tochi zimezimwa, wanasikiliza.