Siku moja maishani mwangu: watoto 41 na kasri la Njoro

Saa kumi na mbili asubuhi. Nahesabu watoto langoni: 41. Narudia: 40. Mmoja yuko chooni. Mwalimu wa historia siku ya ziara ni karani wa kuhesabu vichwa tu.

Saa tatu. Tumeingia Ngata, karibu na Nakuru, Kenya. Miti, miti, kisha kuta za mawe zikachomoza. "Mwalimu, hii ni hoteli?" La, ilikuwa nyumba ya mtu mmoja.

Saa tatu na nusu. Mtu huyo ni Maurice Egerton, mlowezi wa Kiingereza na mmoja wa marubani wa mwanzo kabisa kwao. Cheti chake cha 1910 ni namba 11. Kasri lina vyumba 52. Ujenzi ulianza 1938, ukamalizika 1954, naye akafa 1958. Wavulana wangu wamepiga hesabu wenyewe: kujenga miaka 16, kufaidi minne. Wakaangua kicheko.

Saa nne. Mwongoza watalii anatuambia wanawake walipigwa marufuku humu. Inasimuliwa kwamba mwanamke ambaye Egerton alimpenda aliidharau nyumba ya kwanza ya Egerton, akaenda zake, ndipo Egerton akaanza kujenga hii. Sijui niamini kiasi gani. Watu hupenda kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa. Basi msichana mmoja, ambaye darasani humsikii hata akipiga chafya, akatoka nje bila kuaga. Akarudi kwa mwendo wa pole, akasimama juu ya kizingiti, akakikanyaga kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Sikuwazuia. Nilipanga pia.

Ndani kuna ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. "Sasa alikuwa akicheza na nani?" Mwongozaji akakohoa, akatupeleka chumba kingine.

Saa sita. Chapati na chai nyasini. Thamosi moja imevunjika.

Saa saba. Nawaeleza kwamba 1939 Egerton alitoa ekari 740 ianzishwe shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Leo ni chuo kikuu. "Nani anamjua mtu aliyesoma huko?" Kimya. Nikainua mkono wangu.

Saa tisa. Basini. Nahesabu: 42. Moyo ukanipasuka. Narudia kiti kwa kiti, bado 42. Dereva akanitazama kwenye kioo: "Mwalimu, umejihesabu."