Faili la kura za majaji tisa

Mimi si mwanasheria, niseme mapema kabla wenyewe hawajanivamia. Kazi yangu ni namba tu. Ila nina rafiki yangu tunabishana kila kitu, na juzi kati kaja na ya Mahakama ya Juu ya Marekani, eti pale hamna cha sheria wala nini, ni siasa tupu, wahafidhina sita waliberali watatu, kesi ikiingia matokeo unayajua kabla haijasikilizwa. Nikamuuliza, umehesabu? Akacheka. Basi nikaenda kuhesabu mimi.

Kumbe hiyo kazi ilishafanywa kitambo. Kuna profesa wa sayansi ya siasa, Harold Spaeth wa Michigan State University, huyu mzee alikaa akasoma hukumu moja baada ya nyingine akawa anazigeuza namba: nani kamshtaki nani, kesi imetokea mahakama gani ya chini, inahusu nini, kashinda nani, na kila jaji kapiga kura upande gani. Kesi zilianzia za 1946, baadaye wakasogeza nyuma mpaka 1791, enzi mahakama yenyewe bado changa. Faili liko wazi kwenye intaneti, unadaunlodi bure kabisa. Kila kesi ina kolamu zaidi ya 200. Mia mbili! Nilivyolifungua mara ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto kapewa baiskeli.

Furaha ikaisha usiku uleule. Nikahesabu kesi za msimu mmoja wa karibuni (msimu wao unaanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba) nikapata mia tano na kitu, nikaanza hadi kumwandikia rafiki yangu kwamba hawa watu wanachapa kazi balaa, halafu nikashtuka, mbona siku hizi inajulikana wanaamua kesi kama 60 hivi? Nikarudi kukodolea macho skrini. Ndipo nikaona jina la kesi lilelile linajirudia mara tisa, na pembeni yake majina ya majaji, JGRoberts, CThomas, SAAlito, SSotomayor, na wengine wote. Mafaili yako ya aina mbili, kwenye moja mstari ni kesi, kwenye lingine mstari ni jaji ndani ya kesi, na mimi nimechukua la majaji nikalihesabu kama la kesi. Gawanya kwa tisa, mambo yakakaa sawa. Nashukuru Mungu sikuwa nimebonyeza kutuma.

Baada ya hapo ndio ikaanza raha. Kitu cha kwanza kinachokurukia machoni ni kwamba majaji hawa wanakubaliana kuliko unavyodhani. Kuna misimu karibu nusu ya kesi wote tisa wako upande mmoja, na zile za sita kwa watatu zilizogawanyika kabisa kwa mirengo ni kipande kidogo. Nikamtumia grafu yangu kwa madaha kabisa. Akanijibu neno moja: "Dobbs?"

Ikabidi ninyamaze, maana ana pointi. Kwenye faili kila kesi ni mstari mmoja, basi. Kesi ya mtu kafilisika na benki inamdai ni mstari mmoja, na Dobbs ya Juni 2022, ile iliyofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba nchi nzima, nayo ni mstari mmoja. Ukipiga wastani zinalingana uzito. Na hata huo mstari wa Dobbs wenyewe unateleza, maana utasoma sita kwa watatu, wakati Jaji Mkuu Roberts alikubali tu sheria ya jimbo la Mississippi ya kuzuia kutoa mimba baada ya wiki 15 ibaki, hakukubali Roe (hukumu ya 1973 iliyoleta haki hiyo) ifutwe yote, kwa hiyo kwenye lile swali ambalo watu waliandamana nalo barabarani kura zilikuwa tano kwa nne. Faili halijadanganya, Roberts kawekewa namba ya kura ya wanaokubali matokeo kwa sababu zao tofauti. Lakini lazima ujue pa kuangalia.

Sasa kolamu iliyonikosesha usingizi ni ile ya mwelekeo. Kila kura imepewa namba, 1 ni ya kihafidhina na 2 ni ya kiliberali. Nani kaamua ipi ni ipi? Kuna kanuni, na haijafichwa: kwenye jinai kura inayombeba mshtakiwa ni ya kiliberali, kwenye mambo ya kazi inayobeba chama cha wafanyakazi ni ya kiliberali, na kuendelea hivyohivyo. Sawa. Sasa chukua kesi ya Kyllo ya 2001. Maafisa wamekaa kwenye gari barabarani huko Oregon, wanaimulika nyumba ya jamaa na kifaa kinachosoma joto, wanataka kujua kama ndani kuna taa kali za kukuzia bangi. Swali likawa, huo ni upekuzi unaohitaji kibali au sio? Mahakama ikasema ni upekuzi, tano kwa nne, na aliyeandika hukumu ni Scalia, mhafidhina wa kutupwa, akasema kifaa kama hicho kinaweza hata kuonyesha mama mwenye nyumba anaoga saa ngapi. Thomas mhafidhina mwenzake yuko naye, Ginsburg mliberali naye yuko naye. Aliyeandika kupinga ni Stevens, ambaye ukiuliza yeyote atakwambia ni wa mrengo wa kushoto. Kwa kanuni ile Scalia kapata 2 na Stevens kapata 1. Ukipiga wastani wa kura elfu moja, kesi hii inamezwa, huioni kabisa. Lakini Scalia hakuamka asubuhi ile akawa mliberali jamani, alikuwa anafuata anachoamini Katiba ilimaanisha ilipoandikwa, na hiyo haina kolamu.

Kingine kinachowatega watu ni kwamba kama theluthi mbili ya kesi wanazoamua wanatengua uamuzi wa chini. Mtu anasoma hapo anasema mahakama za chini ni ovyo. Hapana bwana. Wanaletewa maombi kwa maelfu kila mwaka, na ili kesi ichukuliwe inatakiwa majaji wanne waitake, kwa hiyo wanachagua zenye harufu ya kasoro. Ni kama ukae kwa fundi redio halafu utangaze kwamba redio zote duniani zimeharibika. Na wamezidi kuchagua, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanaamua kama 150 kwa mwaka, na 1988 Bunge likawaondolea karibu zote walizokuwa wanalazimika kuzisikiliza.

Namba zina ubabe wake lakini. Msimu wa 2002 watafiti waliipa kompyuta vitu sita tu kuhusu kila kesi, haijasoma hoja hata moja, ikapatia asilimia 75 ya matokeo, na wataalamu wa sheria wakapatia 59. Hata Roberts, kabla hajawa Jaji Mkuu, alichukua kesi 28 akahesabu maswali majaji wanayowauliza mawakili, na katika 24 aliyeulizwa mengi ndiye aliyeshindwa. (Kwa Thomas usingeambulia kitu, kuanzia Februari 2006 alikaa miaka kumi bila kuuliza swali, na hata baada ya hapo aliuliza kwa nadra sana, mpaka corona ilipowahamishia kwenye simu 2020 wakawa wanauliza kwa zamu, naye akaanza kuuliza karibu kila kesi.)

Rafiki yangu hajashawishika. Sasa kahamia kwenye amri za dharura, zile fupi zinazotoka hata usiku, mara nyingi hazina jina la mwandishi na huambiwi nani kapiga kura vipi, isipokuwa wale walioamua wenyewe kusema wanapinga. Faili langu ni la kesi zilizosikilizwa, hizo hazimo. Kwa hiyo jana nimefungua faili jipya, nimeandika juu tarehe, nani kaomba, kakubaliwa au kakataliwa, nani katamka kupinga. Kolamu ya tano ni ya kura. Nimejaza mistari kumi na moja na kolamu hiyo karibu yote iko tupu.